Jumamosi za Profesa Mirindi

Tabata, Dar es Salaam
6 Aprili 2024

Kwa Huguette wa Buterere,

Salamu. Hunijui, nami sikujui, ila jina lako nimelikuta kwenye vitu vya marehemu baba yangu, Profesa Mirindi, aliyekuwa akifundisha hesabu chuoni hapo Bujumbura. Mimi ni Mathilde, binti yake mkubwa. Nimepiga namba yako wiki nzima haipatikani, ndiyo maana nimeandika na kumkabidhi Moubarak, yule wa basi la Bujumbura–Dar. Ameahidi kukutafuta mpaka akupate.

Sitazunguka. Papa alifariki mwaka jana, tarehe 9 Juni. Mwaka unakaribia kutimia, na unajua desturi: ni wakati wa kuganduka, watu wakusanyike, matanga yaondolewe, mjane arudi kwenye maisha yake. Mama yangu, Mama Jovithe, amekataa. Kila mdogo wangu Jordan anapotaja tarehe, Mama anamjibu swali: "Baba yenu alikuwa wapi siku za Jumamosi?"

Ni hivi. Miezi minne ya mwisho Papa alikuwa akitoka nyumbani Kibenga kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akisema ana mkutano wa chuo. Baada ya mazishi Mama alimuuliza katibu wa chuo. Hapakuwa na mkutano wowote wa Jumamosi. Halafu Jordan alipokuwa anaosha gari akakuta chini ya kiti kitenge cha mwanamke, kimelowa mafuta, kinanuka vitunguu, na karatasi yenye jina lako, namba yako na neno Buterere. Mwandiko ni wa Papa.

Mimi nina mimba ya miezi mitano. Ya kwanza iliharibika, kwa hiyo daktari amenikataza safari ya basi. Natamani Mama awe hapa nitakapojifungua mwezi wa nane; mume wangu yupo, ila sina mwanamke mwingine wa kwetu. Lakini anasema mjane ambaye hajaganduka hatoki kwenda kupokea mtoto mchanga. Na Mama akisema, amesema.

Nakuuliza kwa heshima: baba yangu alikuwa anafanya nini kwako?

Mathilde Mirindi


Buterere, tarehe 19 Aprili 2024

Dada Mathilde mupenzi,

Barua imenifikia. Moubarak ameileta yeye mwenyewe, viatu mukononi, suruali imekunjwa, sababu huku kwetu maji imejaa mu njia. Simu yangu ilikufa siku ile maji iliingia mu nyumba. Iliogelea kwanza, kisha ikakufa. Njo maana ulipiga bure.

Pole sana ya Papa wetu. Unisamehe nimesema wetu, imetoka yenyewe mu kalamu.

Mi ni Huguette, niko na miaka makumi mbili na ine. Shule nilifika sekondari kidogo, kisha maisha ikaniita, kwa hiyo usome na huruma. Bwana yangu ni Elysée, mwashi, kwa sasa iko Gitega anajenga. Tuko na mutoto mumoja, Dieudonné, miaka mbili. Kazi yangu ni kuuza chakula mbele ya chuo: ugali, maharagi, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, zile samaki ndogo za ziwa. Prof alikuwa anakula kwangu.

Ungemuona! Na kravati yake ku shingo, anakaa ku bidoni ya njano ya maji sawa na wanafunzi. Wanafunzi wanasimama juu ya heshima, yeye anawaambia, "Mukae, mbele ya sombe hakuna profesa." Na kila sahani lazima amutaje mama yako. "Jovithe anaweka pilipili nzima, haikati." "Jovithe hawezi kukubali ndagala ya namna hii." Wanafunzi walikuwa wanamucheka: Prof anakula kwa Huguette, lakini anashibia Kibenga. We pia alikuwa anakutaja. "Mathilde wangu iko Dar, anauza dawa, anasahihisha wadaktari." Na Jordan, alisema, ana akili mingi, inangoja tu aamke.

Kwa ile ya Jumamosi: alikuwa anakuja kufundisha watoto wa mutaa yetu hesabu. Bure, juu ya upendo. Njo hiyo tu. Kitenge ni yangu, alikuwa anafutia ubao.

Umwambie Mama Jovithe aganduke na roho safi. Mutu kama bwana yake mi sijaona.

Huguette, Mama Dieudonné


Buterere, tarehe 19 Aprili, mangaribi

Papa Dieudonné,

Siye wazima. Mutoto anakula, anakuita ku kila mutu mwenye kofia. Nakutumia hii na gari ya Gitega.

Elysée, nimefanya kitu na haijanikaa. Nimedanganya watu wa matanga. Binti ya Prof ameniandikia kutoka Dar. Wamekuta kitenge mu gari, wamekuta jina yangu, na mama yao amekataa kuganduka mpaka ajue Jumamosi zilienda wapi. Nikaandika eti Prof alikuwa anafundisha watoto hesabu. Na we unawajua watoto wa hapa vile hawajui hesabu.

Lakini ningefanya nini? Unakumbuka vile alituapisha, sisi wawili, mikono ku kichwa ya mutoto. "Jovithe akijua mbele ya siku, nimeharibu kila kitu." Sasa yeye amekufa, na siku ile ilipita bila yeye. Kiapo inakufa na mwenye kuiomba ama inabaki? Mi niliona kumuambia binti yake "baba yako alikuwa anajifunza kupika" ni kama kumupekua mufuko wakati amelala.

Niambie. Mi naona hata mutoto ananiangalia vibaya.

Wako Huguette


Gitega, 25/4/2024

Mama Dieudonné,

Unapika vizuri kila kitu, uongo tu njo unakushinda. Kitenge ya kufuta ubao, yenye mawese na vitunguu? Na unamutumia nani hiyo, bibi ya profesa wa hesabu? Mwanamuke amekaa karibu miaka arobaini na mutu wa kuhakikisha majibu!

Prof alituomba kuficha juu ya kumufurahisha bibi yake. Sasa kuficha inamuliza. Basi hiyo si ile kiapo tena. Sema yote. Sema na vile aliniangushia muchi ku kidole ya muguu, wataamini.

Huku baridi inauma. Nitakuja mwisho wa mwezi wa sita kama gari itapata mafuta. Mubusu ule mutoto wangu ku masikio.

Elysée


Tabata
8 Mei 2024

Huguette,

Nilimsomea Mama barua yako kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Tangu lini ubao unanuka vitunguu?" Akakata.

Siku iliyofuata Jordan alikwenda Buterere bila kuniambia. Akauliza watoto, Profesa gani anawafundisha hesabu Jumamosi? Hakuna aliyemjua. Lakini mama mmoja jirani yako alimjibu huku anacheka: "Yule muzee wa kravati? Ule wa Jumamosi? Ule ni wa Huguette." Na Jordan, kwa akili zile ambazo Papa alikuwa bado anangoja ziamke, akaenda kumweleza Mama neno kwa neno.

Sasa Mama ametangaza kwa ukoo kwamba haganduki. Si Juni, si lini. Anasema, "Nigandukie bwana yupi?" Nami nitajifungulia mikononi mwa jirani.

Nitakuuliza mara moja. Mtoto wako ana miaka miwili. Ni wa nani? Kwetu mtoto kama huyo hungoja siku ya matanga ndipo aletwe mbele ya watu, mjane aaibike na mtoto aaibike. Sitaki hivyo. Kama ni ndugu yangu, sema sasa, nitampokea, hana kosa. Lakini usinidanganye mara ya pili.

Mathilde


Buterere, tarehe 21 Mei 2024

Dada Mathilde,

Nimesoma, nimelia, kisha nimecheka, kisha nimelia tena, mpaka Dieudonné akaniletea mukate yake yenye amekwisha kutafuna, eti nikule ninyamaze.

Apana. Apana na apana. Dieudonné ni wa Elysée. Ana masikio ya baba yake, sahani mbili zimesimama, hata ukimuona kwa nyuma unamujua. Amezaliwa mwezi wa kwanza 2022. Prof alikanyaga kwangu mara ya kwanza mwezi wa pili 2023, mutoto alikuwa anatembea tayari, na Elysée alikuwa hapo kila Jumamosi, anakaa ku mulango, anamuchokoza.

Nilikudanganya, na nakuomba musamaha na mikono mbili. Nilitaka kuandika mapema lakini basi ya Moubarak ilikaa wiki mbili bila mafuta. Sasa nakupa ukweli, na ukweli wenyewe ni mudogo: baba yako alikuwa anajifunza kupika sombe.

Ni juu ya mahari ya mama yako. Prof njo alinihadisia. Uvira, mwezi wa nane, mwaka 1983, familia mbili zimekaa. Musemaji upande wa Prof alikuwa rafiki yake Térence. Shangazi ya mama yako akauliza mbele ya watu: "Kijana huyu anajua namba tu. Namba haishibishi mutu. Mutoto wetu atakula nini kwake?" Térence, na mudomo yake ile, akajibu: "Miaka arobaini ikitimia, bwana harusi atatwanga sombe yeye mwenyewe, atapika yeye mwenyewe, na atamupa bibi yake mu mukono. Mi musemaji nimesema." Watu wakacheka, wakakunywa, wakasahau.

Prof hakusahau. Siku moja amemaliza sahani yake, anangoja wanafunzi waondoke, ananiambia polepole: "Huguette, mwezi wa nane ni arobaini." Nikasema, "Prof, ule musemaji alikuwa anatania." Akasema, "Mi mutu wa hesabu. Arobaini ni arobaini." Ku chuo hangeweza kujifunzia, wangemucheka. Kibenga mama yako angemuona. Njo tukasema Buterere, Jumamosi.

Dada Mathilde, siku ya kwanza! Anafika na kaye mupya ya kuandikia, kalamu mbili. "Chumvi ngapi?" Namuambia, "Kadiri." "Kadiri ni ngapi?" Nachota na mukono, ananiomba nimwage ku karatasi, anaipima na kijiko. Nachota tena, anapima tena. Mara tatu, na mara tatu haifanani. Ananiangalia na huzuni sana. "Huguette, mukono yako haina kanuni." Namujibu, "Prof, majani ya leo si majani ya jana." Akaandika hiyo. Akaipigia musitari chini.

Kutwanga sasa. Alirusha kravati ku mugongo, nikamufunga kitenge yangu asiharibu suruali, njo ile mulikuta mu gari. Kila akipiga muchi anainama muzima muzima. Majirani walileta viti. Mama Hayat, ule mwenye kumujibu Jordan, alipiga kelele: "Huyu anatwanga ama anaomba Mungu?" Na Prof, jasho inamwagika: "Vyote viwili, mama!" Siku hiyo muchi ulimuteleza ukaangukia kidole ya Elysée. Njo vile jina ya "muzee wa Jumamosi" ilianza. Mama Hayat hakusema mubaya, alisema kwa furaha. Furaha yake tu njo iko na mudomo mubaya.

Sufuria ya kwanza iliungua. Ya pili, kuku za jirani zilikataa. Na ugonjwa yake ilikuwa moja: anaweka chumvi, kisha anaanza kunihadisia kitu ya mama yako, vile alimukuta ku forodha anabishana na askari mbili na askari njo wanaomba musamaha, anafika mwisho wa hadithi, amesahau, anaweka chumvi tena. Hadithi mingi, chumvi mingi. Mwezi wa ine Elysée alionja, akaonja tena, akasema: "Prof, hii ni chakula. Si chakula muzuri, lakini ni chakula." Baba yako alimushika mukono kama mutu wa kupewa diploma.

Tarehe tatu mwezi wa sita alipika peke yake, mi nimekaa na mikono ku mapaja, sikugusa hata mwiko. Tuliimaliza yote. Aliosha sufuria yeye mwenyewe, akasema, "Bado wiki kumi." Jumamosi yenye ilifuata nilinunua majani, nikangoja mpaka saa kumi. Wanafunzi njo waliniambia Jumatatu.

Ku mazishi nilikuja. Nilisimama nyuma na mutoto mugongoni. Kumusogelea mama yako niliogopa, juu mi ni nani?

Sasa unajua yote. Kiapo nimeivunja, Prof atanisahihisha siku tutaonana.

Huguette


Tabata
3 Juni 2024

Mdogo wangu Huguette,

Nimeisoma barua yako famasia, nyuma ya kaunta, nikacheka hadi mteja mmoja akauliza natumia dawa gani naye auziwe. Kisha nikaenda stoo nikalia.

Huyo ndiye yeye. Nyumbani alikuwa hajui hata kuchemsha yai. Aliwahi kuweka yai kwenye birika la chai ili, alisema, aokoe moto. Na nikuambie ukweli mwingine: nimekuonea wivu. Miezi minne ya mwisho ya baba yangu ulicheka naye wewe, kila wiki, na mimi nilikuwa nampigia simu dakika tano na kumuuliza kama amekunywa dawa za presha.

Lile swali langu kuhusu mtoto, nilirudishe wapi? Mshike Dieudonné hayo masikio, mwambie shangazi yake wa Dar anaomba radhi.

Lakini Mama bado hajui. Nimejaribu. Nikisema tu "Buterere" anakata simu. Jordan akianza, anamwambia nenda ukafunge geti. Naogopa kumtumia barua yako, anaweza kuichana kabla ya mstari wa pili. Nakuomba kitu kigumu. Nenda Kibenga. Nenda wewe mwenyewe, na mtoto, mchana, watu wakiona. Nimebakiza miezi miwili na nusu.

Dada yako,
Mathilde


Buterere, tarehe 24 Juni 2024

Dada Mathilde,

Nilienda. Nilivaa ile rinda ya kanisa, Dieudonné nikamuvalisha viatu, akazitoa kabla tufike. Kibenga ziwa imepanda mpaka karibu na geti yenu, wameweka mifuko ya muchanga. Jordan alifungua, akaniona, akanipisha. Mama Jovithe alikuwa mu kiwanja, amekaa ku kiti, kitambaa ya matanga ku kichwa, anachambua muchele.

Nikapiga magoti. "Shikamoo Mama. Mi ni Huguette. Nimekuja kukuambia Jumamosi."

Hakuinua macho. "Sema kutoka hapo."

Nikasema. Nikaanza na Uvira, na mahari, na shangazi. Nikafika ku maneno ya Térence: "Atatwanga yeye mwenyewe, atapika yeye mwenyewe..." Hapo mikono yake ikasimama mu muchele. Na yeye njo akamaliza, polepole: "...na atamupa bibi yake mu mukono. Mi musemaji nimesema."

Dada Mathilde, alikuwa anakumbuka. Neno kwa neno!

Akaniambia: "Nilikuwa nahesabu pia. Kutoka mwezi wa kwanza nilikuwa nahesabu. Nikasema simukumbushi, mutu akikumbushwa haiko zawadi tena. Kila Jumamosi namuona anachukua funguo, nasema moyoni, amesahau. Miaka arobaini, na amesahau."

Nikamujibu, "Mama, alikuwa anakuja kutwanga."

Alifunika uso na ungo. Mabega inatingishika. Sikujua ni kulia ama ni nini, sikusogea. Kisha akauliza kutoka nyuma ya ungo, "Alikuwa anatwanga vipi?"

Nikachukua mufagio ya Jordan, nikarusha kitambaa yangu ku mugongo kama kravati, nikainama muzima muzima. Mara moja. Mara mbili. Mama yako akatoa sauti yenye sikujua mutu mukubwa anayo. Alicheka mpaka muchele ikamwagika yote, Jordan akatoka mbio anafikiri ni msiba mupya, na yeye anamuonyesha tu na kidole, hawezi kusema: "Angalia... baba yako... angalia!" Nikatwanga tena. Nilitwanga mpaka mugongo ikaniuma.

Aliponyamaza alimuita Dieudonné. Akamugeuza kushoto, akamugeuza kuume. "Masikio haya," akasema, "Mirindi hana mu ukoo wote." Akamubusu, kisha akaniambia nikae ku kiti, na Jordan akaleta fanta.

Halafu akafuta macho, sura ikabadilika, njo nikaelewa ile unasema kwamba Mama akisema amesema. "Jordan, umuite Térence. Umuambie ni tarehe makumi mbili, mwezi wa saba. Ni Jumamosi. Na usimuambie kingine."

Huguette


Buterere, tarehe 22 Julai 2024

Dada Mathilde, keti vizuri, shika tumbo, nikuhadisie.

Hema ilikuwa upande wenye kiwanja ni kikavu. Watu karibu mia mbili: familia ya Uvira, maprofesa wazee, wanafunzi wengine wamekuwa na vipara tayari. Mi nilikuja asubuhi na Elysée na gunia mbili za majani. Mama Hayat alikuja pia, hakuna aliyemualika. Pasta akaomba. Kisha Térence akasimama, suti ya majivu, fimbo, miaka sabini na mbili, kama musemaji wa familia, kushukuru watu. Alisema vizuri. Akataka kukaa.

"Térence," mama yako akamuita, amesimama. "Usikae."

Watu wote wakageuka.

"Mwaka 1983, kwetu Uvira, ulitoa neno ku jina ya Mirindi mbele ya shangazi yangu. Ni wewe ama si wewe?"

Muzee akatafuta mu kichwa. Watu waliona vile anaipata, sura yote ikafunguka. "Ni mi, Jovithe. Lakini..."

"Mwenye neno alikuwa anajitayarisha, kifo ikamukata. Niko na shahidi." Akanionyesha, Dada Mathilde, mbele ya maprofesa! "Mwenye neno hayuko. Musemaji iko."

Na Jordan, ameamka sasa kabisa, akatoka nyuma ya nyumba na kinu.

Kelele yenye ilitoka hapo mulipaswa kuisikia Dar. Térence anarudi nyuma: "Jovithe, mi niko na mugongo!" Mama yako: "Siku ile ulikuwa na mudomo." Elysée akamuvua koti, akamufunga kitenge, akasogeza vidole vyake mbali, amepata fundisho. Muzee akatwanga. Alitwanga kweli, Mama Hayat anamuimbia. Alipochoka, profesa mumoja wa fizikia akapokea muchi, kisha mwingine, kisha wanafunzi wakapanga musitari kama ku kantini. Kila mutu anapiga mara kumi na anasema kitu ya Prof. Vile alisahihisha mutihani yake mwenyewe akajipa sifuri juu swali lilikuwa baya. Vile alilipuka na furaha mutu akimushinda. Vile ku darasa alikuwa anasema "bibi yangu ameniambia" mbele ya kila kanuni ngumu, mpaka wanafunzi wakafikiri bibi yake njo profesa mukubwa. Mama yako alikuwa anasikiliza, mukono ku kiuno. Nyingine alikuwa hajui.

Mi nilipika. Masaa mbili na zaidi, na hakuna mutu aliondoka. Nilipofika ku chumvi, Mama Jovithe alikuwa nyuma yangu. "Weka vile alikuwa anaweka." Nikasema, "Mama, itazidi." Akasema, "Weka." Basi nikaweka, nikamuhadisia ile ya forodha na askari mbili, nikaweka tena.

Térence akachukua sahani, akavuka kiwanja kizima, akamupa mama yako mu mukono. Akaonja. Akatafuna mupaka mwisho, akameza, akaangalia watu.

"Chumvi imezidi," akasema. "Ni yeye. Mirindi amepika. Matanga imeisha, mukunywe."

Akafungua ile kitambaa ku kichwa, akamupa Jordan. Nywele zake zimekuwa nyeupe, nzuri sana, hakuna mutu alikuwa anajua.

Moubarak amemuwekea kiti ya mbele, tarehe nane mwezi wa nane. Umutayarishie kitanda.

Huguette


Tabata, Dar es Salaam
2 Septemba 2024

Huguette mutoto wangu,

Nilifika. Magoti bado inanisema juu ya ile basi, lakini nilifika. Mutoto amezaliwa tarehe 24, wa kike, kilo tatu na nusu, sauti ya kuuza samaki. Mi njo nilimushika wa kwanza, mbele ya baba yake. Mathilde iko muzima, anakula, anaamuru manesi. Jina bado wanabishana, mi nimenyamaza, nawaangalia tu.

Huku sombe wanaiita kisamvu na wanaweka nazi. Nimekula. Niko mugeni.

Nikuambie kitu yenye sijamuambia mutu. Mwaka muzima nilikuwa siwezi kutaja jina yake. Watu walifikiri ni uchungu. Ilikuwa woga. Niliona nikianza kumuhadisia, hadithi itatembea vizuri, Uvira, harusi, watoto, chuo, mpaka ifike ku zile Jumamosi, na hapo nitasimama kama mutu amefika ku daraja imevunjika. Basi nikaacha kuanza.

Jana tulikuwa tunakunywa chai ku baraza. Sébastien, bwana ya Mathilde, alimuona Mirindi mara mbili tu, siku ya harusi na siku moja ku simu yenye picha. Akaniuliza, "Mama, alikuwa mutu wa namna gani?" Nikaweka kikombe chini, nikaanza ku forodha, na wale askari wawili. Nikaenda, nikaenda. Mathilde akasinzia ku kiti na mutoto ku kifua. Chai ikapoa. Jirani aliyekuja kuazima pasi akakaa chini. Nikafika Buterere, nikapita, sikusimama.

Nikachukua kikombe nikunywe kidogo. Sébastien akavuta kiti karibu.

"Na kisha, Mama?"

Ni mimi,
Jovithe, bibi ya Mirindi